Sadaka ya Maji kwa Ndege na Maradhi ya Chombo Kimoja



Somo letu la mwaka huu limetokana na swali lililoulizwa darasani tulipokuwa tukisoma mlango wa kuwahurumia wanyama. Tulikuwa tumefika kwenye Hadithi ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, na mwanafunzi mmoja wa kike akanyoosha mkono. Alisema kwamba nyumbani kwao wanawawekea ndege maji na chenga za mchele chini ya mwarobaini. Kiangazi kilichopita walianza kuona tetere wamejikunyata karibu na bakuli, manyoya yametutumka, hawaruki hata wakisogelewa. Wakafa wawili, kisha watatu. Mama yake akataka bakuli liondolewe. Babu yake akakataa, akasema katika Uislamu hakuna maradhi ya kuambukiza, kila kiumbe hufa kwa ajali yake, na sadaka haikatizwi. Mwanafunzi akatuuliza nani kati yao yuko sawa, na kama sadaka yao imegeuka kuwa dhambi.

Tuliona swali hili halifai kujibiwa kwa dakika mbili kabla ya kengele. Lina sehemu ya fikihi na sehemu ya elimu ya maradhi, na pia linagusa kitu ambacho karibu kila nyumba ya Chang'ombe inacho, yaani kuku.

THAWABU YA KUWANYWESHA

Tuanze na jambo lisilo na mgogoro. Imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza habari za mtu aliyekuwa njiani akashikwa na kiu kali, akateremka kisimani akanywa. Alipotoka alimkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu. Akarudi kisimani, akajaza maji kwenye khofu yake, akamnywesha. Allah akamsamehe madhambi yake. Maswahaba waliuliza kama kweli tuna ujira kwa ajili ya wanyama, na Mtume (s.a.w.) akawajibu kuwa ujira upo kwa kila kiumbe chenye uhai. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Na kutoka kwa Anas (r.a.), katika vitabu hivyo hivyo viwili, tumefundishwa kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Angalieni kwamba ndege ametajwa waziwazi.

Ipo na Hadithi nyingine aliyoipokea Abu Dawud kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.). Maswahaba walikuwa safarini, wakaona ndege mdogo mwekundu mwenye makinda mawili, wakayachukua makinda. Mama akaja anapigapiga mbawa. Mtume (s.a.w.) alipoona akauliza ni nani aliyemsikitisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Wale vijana wetu wanaopita na manati mchana wa Jumamosi waisome Hadithi hii mara mbili.

Hapa kwetu kumnywesha ndege si jambo dogo. Dodoma ni nchi kavu. Mvua zikishakatika mwezi wa nne au wa tano, tunakaa miezi mingi bila tone mpaka karibu na Desemba. Madimbwi yanakauka, makorongo yanabaki mchanga, na maji ya mjini yenyewe yanavutwa kutoka visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Ndege mwenye kiu mwezi wa tisa hana pa kwenda ila kwenye bomba linalovuja, au kwenye bakuli la mtu mwenye huruma. Kwa hiyo anayeweka bakuli amefanya jambo jema, na hilo halina shaka.

MARADHI YANAVYOPITA KWENYE BAKULI

Lakini tuangalie bakuli lenyewe. Mara nyingi ni dumu la plastiki lililokatwa, au sufuria kuukuu, au gae la mtungi. Linawekwa mahali pamoja. Maji yakipungua, anayekumbuka anaongeza juu ya yale ya jana. Baada ya wiki ndani kuna utando wa kijani unaoteleza, manyoya mawili matatu, na kinyesi. Asubuhi wanakuja njiwa, tetere na shorewanda. Kuku wa nyumbani na wa jirani nao wanakunywa hapo hapo, na kunguru anakuja kuchovya mfupa alioutoa jalalani. Porini ndege hawa wangekunywa mmoja hapa na mwingine kule, lakini sisi tumewakusanya kwenye chombo kimoja, kila siku, mdomo kwa mdomo.

Njiwa na tetere wana ugonjwa wa koo ambao wafugaji wa njiwa wanaufahamu tangu zamani. Unasababishwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, kinachokaa mdomoni na kooni. Ndani ya koo huota uchafu wa manjano mfano wa maziwa yaliyoganda, mpaka ndege hawezi kumeza. Anaokota punje, anaigeuzageuza mdomoni, kisha anaiachia ianguke ikiwa na mate yake. Mwenzake anaiokota. Maji nayo ni hivyo hivyo. Mama njiwa humwambukiza hata kinda lake, kwa kuwa njiwa hulisha makinda kwa maziwa yanayotoka kwenye gole lake. Ndege mgonjwa huwa mzito, hutuna manyoya, hukaa karibu na chakula kwa sababu ana njaa na hawezi kumeza. Ndiyo maana tunamkuta pale pale penye bakuli. Wale tetere alioeleza mwanafunzi wetu walikuwa na dalili zinazofanana na hizi.

Wako watu waliopatwa na jambo hili kwa kiasi kikubwa kuliko sisi. Nchini Uingereza ni desturi kubwa kuwalisha ndege wa mwituni bustanini, hasa wakati wa baridi. Watu hutundika vyombo vya punje na karanga kwenye miti. Mwaka 2005 ugonjwa huo wa njiwa ulianza kuonekana kwa ndege wadogo wa jamii ya chiriku. Aliyeumia zaidi ni chiriku mmoja wa rangi ya kijani, ambaye alikuwa wa kawaida kabisa katika bustani za huko. Wanasayansi walikadiria kwamba idadi yao wanaozaliana ilishuka kutoka takriban milioni 4.3 hadi takriban milioni 2.8 katika muda wa miaka michache tu. Mwaka 2021 ndege huyo akaingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Hakuna aliyewapiga risasi wala kuwawekea sumu. Wengi walipatia maradhi hayo mahali walipokuwa wakilishwa na watu wanaowapenda.

Marekani nako, mwaka 1994, karibu na mji wa Washington, watu waliona ndege wadogo kwenye vyombo vya punje wakiwa na macho mekundu yaliyovimba na kuziba. Walipochunguzwa ikaonekana wana maradhi ya kuku na batamzinga! Kijidudu cha bandani kilikuwa kimehamia kwa ndege wa mwituni, na kwa miaka michache kikaenea majimbo yote ya mashariki. Ndege asiyeona haendi mbali. Anakaa kwenye chombo, anasugua uso wake kwenye tundu la kutolea punje, na anayefuata anaingiza uso wake hapo hapo.

Tumeisimulia habari hii ya Marekani kwa makusudi. Watu wengi hudhani maradhi hutoka kwa ndege wa mwituni kuja kwa kuku wetu tu. Yanakwenda pia upande wa pili. Kuku wetu wagonjwa wanaweza kuwadhuru ndege wa Allah ambao hawana bwana mifugo wala banda.

KUKU WETU NA MDONDO

Sasa turudi nyumbani. Maradhi makubwa ya ndege hapa kwetu ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Wazungu waliupa jina la mji wa Newcastle, Uingereza, kwa kuwa ulielezwa huko mwaka 1926, mwaka ambao pia ulionekana katika kisiwa cha Java. Unatokana na kirusi. Kuku anazubaa, anashusha mbawa, anahema mdomo wazi, anaharisha kijani, na wengine shingo inapinda mpaka kichwa kinatazama nyuma. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa unaweza kuondoa karibu wote kwa siku chache. Dawa ya kuuponya haipo. Vidonge vya binadamu wanavyosagiwa kuku, majivu, pilipili na shubiri haviondoi kirusi hiki, na mzazi anayetumia fedha yake huko anaipoteza.

Kirusi hiki kinatoka kwa kinyesi, makamasi na mate. Kinapita kwenye maji na chakula, kwenye viatu vya mtu aliyetoka kwenye banda la mgonjwa, kwenye tenga lililobebea kuku, na kwenye manyoya na matumbo yanayotupwa jalalani baada ya kuchinja. Njiwa nao wana aina yao ya kirusi hicho hicho, na kinaweza kumfikia kuku. Kwa hiyo bakuli moja linalonywewa na njiwa, tetere na kuku wa nyumba tatu ni mlango ulio wazi pande zote.

Kwa nini tunalipa uzito jambo hili katika jarida la madrasa? Kwa sababu kuku ndiyo akiba ya wengi wetu. Daftari la mtoto, ada, dawa ya bibi, kitoweo cha mgeni, hata mchango wa Maulidi, mara nyingi hutoka kwa kuku wa mama. Na kuku hao ni wa mama kweli, si wa baba. Nyumba ikiamka asubuhi na kuku kumi na mbili wamelala chini, ni mama aliyefilisika.

JE, HAKUNA KUAMBUKIZA KATIKA UISLAMU?

Hapa ndipo penye maneno ya yule mzee, na hatupendi yapuuzwe, kwa sababu hakuyatunga. Ni kweli kwamba katika Hadithi sahihi Mtume (s.a.w.) amekanusha uambukizo. Bedui mmoja alimwuliza vipi kuhusu ngamia wanaokaa jangwani wakiwa wazima kama paa, kisha akaingia kati yao ngamia mwenye upele, wote wakapata upele. Mtume (s.a.w.) akamrudishia swali: ni nani basi aliyemwambukiza yule wa kwanza?

Lakini kutoka kwa Abu Hurayra huyo huyo (r.a.), katika vitabu hivyo hivyo vya Bukhari na Muslim, imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza mwenye wanyama wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye wanyama wazima. Wanachuoni wanasema maneno haya yanahusu ngamia kwenye sehemu za kunyweshea. Zingatieni hilo, wanafunzi: sehemu ya kunyweshea! Ngamia wa mtu huyu na wa mtu yule wanakutana kwenye maji, na hapo ndipo katazo lilipowekwa.

Anayeshika Hadithi ya kwanza peke yake huacha bakuli lioze. Anayeshika ya pili peke yake anaweza kuogopa kijidudu kuliko anavyomwogopa Mola wake. Imam Nawawi (Allah amrehemu), katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza jinsi zinavyokusanywa pamoja. Kilichokanushwa ni itikadi ya watu wa zama za ujahilia, waliodhani maradhi yana nguvu yake yenyewe ya kuhama, bila ya Allah kutaka. Na kilichoamrishwa ni kujiepusha na mambo ambayo kwa kawaida Allah hujaalia madhara kutokea kwayo. Moto unaunguza kwa uwezo wa Allah, na bado hatuweki mkono.

Amirul-Muuminina Umar bin al-Khattab (r.a.) alilionyesha jambo hili kwa vitendo. Alikuwa akienda Sham na jeshi lake, akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kuwa tauni imeingia huko. Akashauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamwuliza kama anakimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba wanakimbia kutoka kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, akampigia mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye ng'ambo mbili, moja ina majani na nyingine kavu: popote atakapowalishia amewalishia kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf (r.a.) akawapa Hadithi aliyoisikia, kwamba tauni ikiwa katika nchi msiiingie, na ikiwakuta ndani yake msitoke kuikimbia. Umar akamshukuru Allah. Hayo yalitokea katika mwaka wa 17 au wa 18 wa Hijra. Na hakuna mchungaji wa Kigogo atakayehitaji kufafanuliwa mfano ule wa bonde.

Basi yule mzee amesema kweli kuhusu kadari, na yule mama amesema kweli kuhusu bakuli. Na sadaka haikugeuka dhambi, kwa sababu hawakujua na walikusudia kheri. Lakini baada ya kujua, hukumu inabadilika. Hadithi mashuhuri inayokataza kujidhuru na kudhuru wengine, ambayo wanafunzi wetu wameihifadhi katika Arubaini ya Nawawi, inaingia hapa bila kusukumwa.

KUKU MGONJWA ANAPOPELEKWA SOKONI

Jambo hili hatutalipita haraka, kwa kuwa tunaliona likifanywa na watu wanaosali safu ya mbele. Mdondo ukionekana mtaani, kuku wawili wakifa usiku, mwenye kuku anafanya hesabu. Anajua waliobaki watakufa kabla ya Ijumaa. Alfajiri anawafunga miguu wale ambao bado wanasimama, anawapeleka sokoni Majengo au anamwuzia mchuuzi anayepita na baiskeli, kwa bei ya chini kidogo ili waondoke haraka. Mnunuzi anafurahi amepata rahisi. Anawapeleka kwake, anawachanganya na wake. Wiki inayofuata mtaa wa pili unalia.

Haya hayahitaji mjadala mrefu. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye fungu la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta majimaji. Akamwuliza mwenye nafaka ni nini hiki. Akajibu kuwa ni mvua iliinyeshea. Akaambiwa mbona hakuiweka juu watu waione, na kwamba mwenye kudanganya hayupo katika njia yake Mtume (s.a.w.). Ameipokea Muslim. Ikiwa kuficha unyevu wa nafaka kumefikia hapo, vipi kuficha maradhi yatakayoua kuku wote wa mnunuzi? Tunajua hasara inauma, na tunajua wengine ni wajane wasio na kingine. Hata hivyo hasara haihamishwi kwa siri kutoka kikapu cha mjane huyu kwenda kikapu cha mjane yule.

Wengine husema, nimemchinja kabla hajafa, amekuwa halali. Kuku aliyekufa mwenyewe ni mzoga, na uharamu wake umo katika Suratul-Maida, hilo halina ujanja. Aliyechinjwa akiwa bado hai, masharti yake mnayasoma katika mlango wa kuchinja. Lakini uhalali wa kuchinja hauondoi wajibu wa kumwambia mnunuzi ukweli, na pia hauondoi madhara ya damu, manyoya na matumbo yanayotupwa njiani ambako kuku wa watu wanadonoa.

TUFANYE NINI

Bakuli lisiondolewe moja kwa moja, lisafishwe. Maji ya zamani yamwagwe kila siku, si kuongezewa. Chombo kisuguliwe kwa brashi ambayo haina kazi nyingine, na angalau mara moja kwa wiki kioshwe kwa sabuni, kisha maji yenye jiki kidogo, kisuuzwe vizuri, na kifudikizwe juani mpaka kikauke kabisa. Kukauka huko ndiko kwenye kazi kubwa, maana kile kijidudu cha koo la njiwa hakivumilii ukavu. Na jua, alhamdulillah, Dodoma tunalo la kutosha. Mwenye vyombo viwili atafanya vizuri zaidi, kimoja kiwe kazini na kingine juani. Chombo kisikae chini ya tawi wanalotua ndege, maana watachafua ndani.

Jambo hili mwanafunzi wa fikihi angelifahamu hata bila habari za vijidudu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, kinyesi cha ndege ni najisi, na maji machache yasiyofika kulateni hunajisika kwa kuingiwa na najisi. Maji ya bakuli lile hakuna hata mmoja wetu angeyatawadhia. Basi aliyelisafisha aoshe mikono kwa sabuni, aangalie na kanzu yake kabla ya kusali.

Punje ziwekwe kidogo, zinazokwisha siku hiyo hiyo, na zitawanywe mahali tofauti tofauti badala ya fungu moja. Nafaka iliyoota ukungu isiwekwe, kwani tusichoweza kula sisi kwa sababu ya sumu yake, nao kinawadhuru. Kuku wawe na chombo chao ndani ya banda au uzio, na ndege wa nje chao. Akionekana ndege aliyetutumka asiyeruka, ondoeni maji na punje zote kwa wiki mbili au zaidi, ili ndege watawanyike. Waingereza nao wameelekea huko: huwashauri watu waache kulisha kwa muda wanapoona ndege wagonjwa. Kusimamisha kwa muda si kukata sadaka. Tena, mti uliopandwa hulisha ndege bila kuwakusanya kwenye sahani moja, nasi tungependa kuona miche mingi zaidi ya mikwaju kwenye nyua zetu.

Kuhusu mdondo, kinga ni chanjo. Ipo chanjo iitwayo I-2, ambayo mbegu yake ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na sasa inatengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Sifa yake ni kuvumilia joto kuliko chanjo nyingine, kwa hiyo inafaa kwa mitaa na vijiji vyetu visivyo na majokofu kila nyumba. Kila kuku, mkubwa kwa mdogo, hutiwa tone moja tu katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Haimponyi aliyekwisha kuugua, kwa hiyo tusingoje mpaka shingo zipinde. Chupa moja inatosha kuku wengi sana, na hapo ndipo majirani wanapotakiwa kushirikiana: nyumba kumi zikichangia chupa moja na kuchanja asubuhi moja, gharama ya kila mmoja inakuwa ndogo. Mwaka 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, na kuku wa asili walikuwemo. Aulizwe afisa mifugo wa kata.

Kuku mpya kutoka sokoni, au yule mliyeletewa zawadi kutoka Singida, afungiwe peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Mgeni asikasirike, kuku wake hajakataliwa.

NDEGE ALIYEKUFA

La mwisho linawahusu watoto hasa. Mkikuta ndege amekufa uwanjani, msimchezee, msimnyonyoe manyoya, msimrushiane. Mwezi Januari mwaka 2017, jirani zetu wa Uganda walikuta ndege wengi wa majini wamekufa kwenye Ghuba ya Lutembe, ukingoni mwa Ziwa Viktoria karibu na Entebbe. Walikuwa ndege wahamiaji, wale wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia kila mwaka. Ikathibitika kuwa ni mafua makali ya ndege, aina ya H5N8, na upande wa Masaka kuku na bata wa kufugwa nao walikutwa nayo. Kenya ikazuia kuku kutoka Uganda, na wafanyabiashara wakapata hasara. Mwaka huo huo maradhi hayo yalionekana pia Ituri, mashariki ya Kongo. Aina nyingine ya mafua ya ndege, H5N1, imewahi kuua watu katika nchi kadhaa, Misri ikiwemo. Hatusemi haya ili mtoto aogope kila shorewanda anayetua dirishani. Tunasema amwite mtu mzima.

Mtu mzima naye avae mfuko wa plastiki mkononi, amchukue ndege, amzike katika shimo refu ambalo mbwa hatafukua, kisha aoshe mikono. Wakiwa wengi kwa pamoja, wasizikwe kabla ya kumwarifu afisa mifugo. Na kuzika huku kuna asili yake: katika Suratul-Maida mmesoma kwamba Qabil alipomwua ndugu yake hakujua la kufanya na maiti, Allah akamleta kunguru akifukua ardhi, amwonyeshe jinsi ya kusitiri. Binadamu alifundishwa kuzika na ndege.

Maswali kwa darasa la tatu na la nne, majibu yaandikwe daftarini na kuletwa kwa mwalimu wa zamu. Kwanza, eleza jinsi Imam Nawawi alivyokusanya Hadithi ya kukanusha uambukizo na Hadithi ya wanyama wagonjwa na wazima. Pili, Umar (r.a.) alifika wapi alipopata habari za tauni, na ni nani aliyemletea Hadithi? Tatu, jirani amekupa kuku watano bure, nawe umesikia kwamba wengine wake wamekufa jana. Utafanya nini, na utamwambia nini bila kumvunjia heshima? Nne, kwa msaada wa mzazi, hesabu ni nyumba ngapi za mtaa wenu zina kuku na ni ngapi zimewachanja mwaka huu. Wanafunzi wadogo wachore bakuli la ndege na waonyeshe mahali litakapoanikwa.